India wanatenga nafasi za chuo na kazi kwa matabaka ya chini, hivi ni haki au ndo kuendeleza ubaguzi ule ule?

BintiTukuyu (Mwanjelwa, Mbeya)

Habarini wakuu, naomba mnisaidie maana hili jambo linaninyima usingizi. Mdogo wangu wa mwisho anasoma famasia huko Pune, India. Juzi kanipigia video koli niko dukani nafunga vitenge, nikaona uso umepooza nikajua anaumwa. Kumbe hapana. Ana rafiki yake chumba cha pili, kijana wa kule kule, ndo aliyempokea siku za mwanzo, laini ya simu, basi la chuo, hadi kumfundisha kula ule mchuzi wao wa dengu. Sasa siku hiyo wamekaa mesi wanabishana kuhusu matokeo, jamaa mmoja akamwambia mbele za watu "wewe nyamaza, si umeingia kwa upendeleo". Kijana akanyamaza kweli, akanyanyua sahani yake akaenda kumalizia chumbani, na tangu siku hiyo mesi hakai tena.

Nikauliza upendeleo gani, ndo naambiwa kijana ni Mdalit, wale wa chini kabisa kwenye matabaka ya Wahindu ambayo mtu anazaliwa nayo, waliokuwa wanaitwa hawagusiki, na serikali yao inawatengea nafasi. Tena kwenye orodha ya waliochaguliwa pembeni ya jina wanaandika uko kundi gani, kila mtu anaona.

Mimi nimebaki katikati. Walioonewa miaka yote lazima wabebwe, hilo nalikubali, lakini ukishamwandikia mtu tabaka lake pembeni ya jina si umempiga muhuri? Anayejua atueleze, na wazee waliopitia ule mgao wa mikoa wa sekondari hapa kwetu nao waseme.

MzeeIsyesye

Binti umenigusa kidonda. Mimi nimemaliza la saba Rungwe mwaka 1979, nilikuwa wa tatu shule nzima. Nafasi za kidato cha kwanza enzi hizo zilikuwa zinagawiwa kimkoa na kiwilaya, na kwetu waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi, kwahiyo nikabaki. Mwalimu mkuu alikuja mpaka nyumbani kumwambia baba, baba hakujibu kitu, kesho yake asubuhi akanipa kikapu twende tukachume chai Katumba. Miaka baadaye nikafanya kazi na mwenzangu wa mkoa mwingine, muungwana sana, akanitajia alama zake za la saba, zilikuwa chini ya zangu mbali tu. Nilimeza mate. Kwahiyo mimi hizi habari siziwezi. Mtihani ni mtihani, aliyefaulu aende.

Kihesa_Juu (Iringa)

Kamwene wote, shikamoo mzee. Nimesoma India miaka minne, acha niseme nilichokiona.

Kwanza dada, muhuri haukupigwa na hiyo orodha. Kule jina la ukoo peke yake linatosha watu kujua babu yako alikuwa anafanya kazi gani. Tulienda watatu kutafuta chumba cha kupanga, mimi, Mtanzania mwenzangu na Mhindi mmoja wa darasani kwetu. Mama mwenye nyumba katuonyesha chumba, katupa chai, tumeelewana bei. Akamuuliza yule mwenzetu jina, akataja la kwanza. Akamwambia sema kamili. Alipotaja la ukoo yule mama akasema aa samahani, nimekumbuka kuna mtu ameshalipia, na kufuli bado analo mkononi. Mwenzetu hakushangaa hata kidogo, alishakunja begi kabla mama hajamaliza kusema. Na hosteli yetu ya kwanza yule mama aliyekuwa anasafisha vyoo (wazee wanalijua neno topasi) alikuwa na kikombe chake cha bati kimetundikwa kwenye msumari nje, hanywei kingine, na hakuna aliyewahi kutangaza sheria hiyo, watu wanaijua tu.

Sasa mzee wangu, kwa heshima. Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891, wakajenga shule, ndo maana watoto wa kwenu walifaulu wengi na mgao ukawabana. Mwaka huo huo 1891 India alizaliwa Ambedkar, Mdalit. Shuleni alikuwa anakaa kwenye gunia lake analobeba kutoka nyumbani, na bomba la maji haruhusiwi kuligusa, mpaka tarishi wa shule amfungulie, tarishi asipokuja siku hiyo hanywi. Huyo ndo baadaye akasoma Marekani na Uingereza akarudi, mwaka 1927 akaongoza watu kule Mahad wakanywe maji ya bwawa la umma ambalo wao walikuwa wanafukuzwa, wakapigwa kwa sababu ya kunywa maji. Na ndo aliyeongoza kamati iliyoandika katiba yao ya mwaka 1950 iliyopiga marufuku mambo ya kutogusika na kuruhusu hizo nafasi.

Ngazi ya serikali kuu ziko hivi: asilimia 15 Wadalit, 7.5 makabila ya asili, 27 matabaka mengine yaliyoachwa nyuma, na tangu 2019 wakaongeza 10 kwa maskini wasio kwenye makundi hayo, yaani hasa wa matabaka ya juu. Hiyo 27 ndo iliwasha moto, waziri mkuu V.P. Singh alipoitangaza 1990 wanafunzi walijichoma moto mitaani Delhi. Sasa jiulizeni, Wadalit kwenye sensa ya 2011 walikuwa zaidi ya milioni 200, kama asilimia 16.6, kwahiyo hiyo 15 wala haijafikia idadi yao, na kampuni binafsi sheria haizigusi. Ila mtu akimwona Mdalit mmoja darasani anaona amenyang'anywa kiti chake.

MamaLudewa

Samahani wadau, kwani wasibadili dini tu wakatoka huko kwenye tabaka? Halafu mtoto wa Mdalit ambaye baba yake ni mkurugenzi naye anapewa upendeleo, hapo mimi sielewi.

Kihesa_Juu

Mama, Ambedkar alifanya hivyo hivyo, Oktoba 1956 pale Nagpur akaingia Ubudha na watu laki kadhaa nyuma yake, akafariki Desemba mwaka huo huo. Lakini tabaka linamfuata mtu mpaka kanisani. Huko Tamil Nadu yapo makaburi ya Wakristo yaliyojengewa ukuta katikati, Wadalit upande wao, yaani hata marehemu wametengwa. Na kisheria Mdalit akiwa Mhindu, Kalasinga au Mbudha anapata hizo nafasi, akiwa Mkristo au Mwislamu hapati, hilo mimi naliona ni dhuluma kabisa.

La mkurugenzi uko sahihi kuuliza. Wale wa asilimia 27 wana kikomo, familia ikipita rupia laki 8 kwa mwaka mtoto anaondolewa, mahakama yao ya juu iliamua 1992 kwamba walionacho wachujwe. Wadalit hawana kikomo hicho, ila mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo ikasema majimbo yanaweza kugawa nafasi za Wadalit kwa mafungu ili wale wa chini zaidi wasimezwe na wenzao waliotangulia, na majaji kadhaa wakagusia kuwachuja wenye uwezo. Naunga mkono kugawa mafungu. Kuchuja kwa pesa peke yake nina wasiwasi, maana yule mama wa kufuli hakumuuliza mwenzetu baba yako analipwa kiasi gani.

MzeeIsyesye

Nimekusoma mwanangu, nimerudia mara mbili. Ni kweli mimi sikunyimwa maji, wala hakuna aliyeniuliza jina la ukoo akanikatalia chumba, nimepanga Dar, nimepanga Songea, nimekula na kila mtu. Hapo umenishika. Lakini usiniambie kwamba yule mtoto aliyefaulu akaachwa hana kidonda, kile kikapu cha chai mpaka leo nakiona. Wangeongeza shule, wasigawane tu zile chache. Hata huko India nadhani wangeongeza vyuo hawa vijana wasingetukanana mesi.

Kihesa_Juu

Hilo la kuongeza shule nakubaliana na wewe mzee asilimia mia, na pole kwa kikapu.

BintiTukuyu

Ndaga fijo kaka wa Kihesa, ndaga baba. Kumbe mimi nilikuwa nailaumu orodha, kumbe wenzake walishamjua tangu siku aliyotaja jina. Sasa nisaidie moja la mwisho, huyu mdogo wangu anataka kumfuata chumbani wale pamoja, ila anaogopa kijana ataona anaonewa huruma. Aende asiende?

Kihesa_Juu

Aende. Abebe sahani yake, agonge mlango, akae chini waanze kula, na habari za mesi asizitaje mpaka mwenyewe aanze.