Naomba ushauri: mchezo wa kaiti hapa Goma, tusiumize watu wa ufukoni

Mtoto_wa_Himbi
Jambo bandugu. Tuko watatu, tumenunua vyombo vya kaiti (mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara) vilivyokwisha kutumika: tiara moja ya mita za mraba 12, baa ya kushikia yenye kamba nne za mita 24, mshipi wa kiunoni na ubao. Uzito wetu ni kilo 70 hivi kila mtu, na wote tunajua kuogelea. Mwalimu hatuna. Ufuko tunaoufikiria ni ule ambako watu wanachota maji kwa bidoni, wamama wanafua, watoto wanaoga, na pirogi zinaegeshwa. Upepo tunaupata mchana, unatoka ziwani kuja kwetu. Tuanzie wapi? Tukae umbali gani na watu? Na mambo yakiharibika katikati ya maji, tufanye nini?

Nahodha_Paje
Ndugu yangu, kabla ya kugusa ubao jibu swali moja: chini ya upepo kuna nani? Mabaharia wa pwani wana maneno mawili yatakayokufaa. Goshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Tiara yako itakuwa demani yako siku zote. Ikikushinda itakuburura kwenda demani, na kamba zake zitamkuta aliyesimama huko.

Sasa soma tena ulichoandika. Upepo unatoka ziwani moja kwa moja kuja nchi kavu. Kwa hiyo demani yako ni mama anayefua, mtoto mwenye bidoni, mawe ya lava, kuta za viwanja na nyaya za umeme. Ufuko huo usirushie tiara, hata siku ambayo watu ni wachache. Mtu akinyanyuliwa na dharuba huku anaelekea ukutani, hana hata sekunde tatu za kufikiri.

Upepo wa kuanzia ni ule unaopita sambamba na ufuko, au unaoingia kwa mshazari kidogo kuelekea nchi kavu. Tafuteni rasi au ghuba ambako ukingo wa ziwa umepinda, ili upepo uleule wa kusini uupige kwa ubavu. Upepo wa kutoka nchi kavu kwenda ziwani nao ni mtego: ukingoni maji yanaonekana yametulia, mita 200 mbele unavuma kwa nguvu na unakupeleka mbali. Bila kano (boti ndogo) yenye injini inayokusubiri, usiingie.

Umbali: kamba za mita 24, jumlisha tiara na mkono wako, unapata duara la karibu mita 30 ambalo kila kilichomo unaweza kukigonga. Basi mita 50 kutoka kwa mtu yeyote ndiyo ya chini kabisa. Demani ya mahali unaporushia, acha mita 100 zisizo na mtu, mti, ukuta wala waya.

Jambo la pili ni zito kuliko yote. Paje, kwetu Zanzibar, maji yakipwa unasimama, yanakufika kiunoni, unapumzika na kuanza upya. Ziwa Kivu halikupi nafasi hiyo. Sehemu nyingi hatua chache tu kutoka ukingoni huna mguu tena. Kwenu, mtu ajifunze kujiokoa kabla ya kujifunza kuteleza.

Fundi_Kamba
Nina swali kuhusu hiyo tiara: ni ya mwaka gani? Tiara nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 huwezi kuziondolea nguvu zote kwa kusukuma baa. Kama ni ya aina hiyo, iwe pambo la ukutani, usimfundishie mtu. Mnayoihitaji ni ile ambayo ukifyatua kifyatuo cha dharura kifuani, baa inakimbia juu na tiara inabaki imeshikwa na kamba moja tu ya mbele, inapepea kama bendera bila kuvuta. Kuna kiwango cha kimataifa cha vifyatuo hivyo, ISO 21853, kilichotolewa mwaka 2020. Baa ya kabla ya hapo inaweza kuwa nzima, ila lazima uijaribu.

Jaribu hivi: funga kamba mbili za mbele kwenye mti, vaa mshipi na ujiunge na baa, egemea nyuma kwa uzito wako wote, halafu sukuma kifyatuo kwa mkono mmoja. Lazima kiachie papo hapo. Rudia kwa mkono wa pili, macho ukiwa umefumba. Mchanga mweusi wa Goma una chembe ngumu zinazoingia kwenye springi na kuigandisha. Kioshe kwa maji safi kila baada ya kutoka majini na ukijaribu kila kabla ya kuingia. Kuna kifyatuo cha pili kwenye kamba ya usalama inayokuunganisha na tiara. Hicho nacho kijaribiwe, kwa sababu wengi hukisahau.

Kamba: zifunge ncha zote nne kwenye msumari mmoja, zivute kwa pamoja kutoka upande wa baa. Zikipishana kwa zaidi ya sentimita 2 au 3, tiara itavuta upande mmoja. Za nyuma zikiwa fupi kuliko za mbele, tiara itarudi nyuma na kuanguka. Wakati wa kuunganisha, tembea kati ya kamba kutoka kwenye baa hadi kwenye tiara, mkono kwenye kila moja. Kamba ikifungwa mahali pasipo pake, tiara ikipaa tu inazunguka mfululizo, na kila mzunguko inavuta kwa nguvu zote. Ikitokea hivyo usijaribu kuirekebisha kwa baa: fyatua.

Mrija wa mbele wa tiara ujazeni hewa hadi psi 6 au 7 kwa tiara ya mita 12. Ukiupiga kwa kidole ulie kama ngoma. Kisha uacheni dakika 15 muone kama unalegea, maana valvu za tiara zilizotumika hubanduka gundi. Mrija uliolegea ndio unaofanya tiara ikunjwe katikati na upepo, na ikikunjwa majini hairuki tena.

Kila mtu awe na kofia ngumu, jaketi la kuokolea lisilopanda hadi shingoni, filimbi, na kisu chenye meno ndani ya ndoano cha kukatia kamba. Kamba hizi ni nyembamba, lakini zikikaza zinaingia kwenye nyama. Usizungushe kamba kwenye mkono hata kwa sekunde moja.

Mama_Kituku
Watoto wangu, mimi nasema juu ya watu wa ziwa, kwa sababu ninyi mnaangalia upepo tu.

Asubuhi na jioni ukingo ni wa maji ya kunywa. Anayekuja na bidoni hana mahali pengine, ninyi mnapo. Msiingie saa hizo. Na msiseme "tutapita pembeni": mtoto akiona tiara anaikimbilia aishike. Wekeni mtu mmoja nchi kavu ambaye kazi yake ni watoto tu, asirushe tiara wala asishike simu. Tiara iliyolala iwe kifudifudi, mchanga juu yake, kamba zimekunjwa kwenye baa. Kamba zilizotandazwa kwenye njia ya wamama wanaobeba mizigo kichwani zinaangusha mtu.

Wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wanafanya kazi usiku kwa taa, pirogi tatu zimeunganishwa kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma. Mchana zinaegeshwa, lakini miti ile inabaki imetokeza, na tiara ikiangukia pale inachanika na kuvunja mali ya mtu. Nyavu nyingine zinategwa mchana karibu na ukingo. Utaziona kwa chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari. Usipite kati ya chupa mbili, pezi la ubao litanasa. Nendeni mkaongee na wakubwa wa wavuvi kabla, wawaonyeshe zinapotegwa.

Sasa boti za abiria. Zinakuja Kituku, bandari ya hapa Goma, kutoka Minova na kisiwa cha Idjwi, nyingine zimejaa hadi ukingo wake uko karibu na maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 tuliona wenyewe boti iliyotoka Minova ikipinduka karibu kabisa na kufika, na watu wengi wakafa. Mkipita na tiara ya rangi karibu na boti, abiria wote wanasimama upande mmoja waone. Hiyo peke yake inatosha kuyumbisha boti iliyojaa. Kaeni mbali mita 300, na msipite mbele ya boti hata mkiona mnawahi.

Mtoto_wa_Himbi
Aksanti sana mama, hilo la abiria hatukulifikiria kabisa. Kuna wanaotuambia gesi ya Kivu inaweza kulipuka tukicheza juu yake. Ni kweli? Na mvua ya radi inatutisha zaidi, inafika haraka.

Yaya_Bulengo
Methani na hewa ya kaboni ya Kivu imeyeyuka kwenye maji ya chini sana, kiasi kikubwa chini ya mita 250, na imefunikwa na maji mepesi yaliyo juu yake. Ubao hauwezi kuisumbua. Gesi ya kuogopa ni mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Upande wa Bulengo na Lac Vert, magharibi ya Goma, inajulikana vizuri. Mtu anayesubiri upepo hupenda kukaa kwenye kishimo chenye kivuli, na hapo ndipo mazuku hukaa, hasa asubuhi kukiwa kimya. Ukiona panya, ndege au mbwa amekufa bondeni, usishuke. Vyombo viwekwe mahali pa juu panapopigwa na upepo. Mahali maji yanapotoa mapovu karibu na ukingo, msiogelee.

Radi: milima iliyo magharibi ya ziwa, pamoja na Kabare huko juu ya Bukavu, ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Dalili ni wingu jeusi upande wa milima ya Masisi au volkano ya Nyiragongo, upepo uliokuwa unavuma unakatika ghafla, kisha unapiga wa baridi kutoka upande mwingine. Ukikatika ghafla usishangilie utulivu, teremsha tiara. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, unapata kilomita. Chini ya sekunde 30 wote wawe nje ya maji, na msirudi mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Kingine ni kimo. Goma iko mita 1,460 hivi juu ya bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 na tiara inavuta kidogo kuliko Paje kwa upepo uleule. Hilo lisiwadanganye. Upepo ukipanda kutoka kilomita 25 hadi 35 kwa saa, mvuto unakaribia mara mbili. Kwa kilo 70 na tiara ya 12, anayeanza akae kati ya kilomita 22 na 30. Nunueni kipima upepo cha mkononi. Kwa macho, vichwa vyeupe vya mawimbi huonekana hapa na pale kwenye kilomita 22 hivi. Vikijaa ziwa zima, tiara ya 12 ibaki kwenye mfuko.

Na msielekee mashariki sana. Upepo wa kusini-magharibi utawasukuma hadi maji ya Gisenyi, upande wa Rwanda, na kuvuka mpaka bila kibali si jambo la kueleza ukiwa umelowa. Wanaolinda ziwa waambieni siku, saa na rangi ya tiara.

Nahodha_Paje
Nirudi kwenye kujiokoa. Fanyeni kwanza nchi kavu mara kumi, kisha majini karibu na kano.

Fyatua. Subiri tiara ilale. Shika kamba ya usalama peke yake, jivute hadi ufikie baa, na hiyo kamba moja izungushe kwenye baa peke yake karibu mita 5, kisha uifunge kwa fundo la kitanzi. Hizo mita 5 ndizo zinazohakikisha kamba nyingine zinabaki zimelegea na tiara haipati tena nguvu. Wengi huruka hatua hii, wanakunja kamba zote nne kwa pamoja, na katikati ya kazi tiara inajaa upepo na kuwapokonya baa. Ukishafunga, kunja zote nne huku ukisogea kwenye tiara, na ufunge tena. Ukiifikia, usitoe hewa ya mrija wa mbele: ndio mashua yako. Igeuze, jilaze juu yake, shika ncha ya bawa na uikunje kama tanga, upepo utakusukuma. Usiiache tiara ili uogelee, kwa sababu kichwa cha mtu peke yake majini hakionekani.

Kano inayokuja kuokoa ije kutoka goshini kwa mchezaji, kwani kamba zote ziko demani yake. Ikikaribia, injini iwe huru, panga lake la kusukuma maji lisizunguke. Kamba ikisokotwa kwenye panga, mna wawili wa kuokoa.

Mtoto_wa_Himbi
Aksanti kaka, aksanti mama na yaya. Tumeamua hivi: mwezi wa kwanza tiara ndogo ya mazoezi ya mita 3 kwenye kiwanja cha mpira, upepo mdogo, bila ubao. Kisha kujiokoa kando ya kano ya kukodi. Mmoja wetu aende kuchukua kozi Diani (Kenya) au Paje, arudi atufundishe. Kurushia, tumepata ghuba isiyo na wachota maji, upepo wa kusini unaipiga kwa ubavu. Tutaingia saa nane hadi saa kumi. Anayerusha tiara asimame demani ya mchezaji, mpaka kidole gumba kiinuliwe, kisha aachie.

Fundi_Kamba
Rekebisha hapo mwisho. Msaidizi asimame na tiara pembeni, upepo ukimpiga ubavuni, upande wa majini. Akisimama demani moja kwa moja, tiara inapaa ikiwa katikati ya nguvu zote na itamnyanyua mchezaji kabla hajashika baa vizuri. Mchezaji asogee goshini polepole mpaka kitambaa kiache kupigapiga, ndipo kidole gumba. Na aliyechukua kozi asiwafundishe wenzake: masaa 9 hadi 12 ya kozi yanamtosha yeye mwenyewe kuanza tu. Changeni nauli mwende wote watatu, au mlipie mwalimu mmoja aje Goma.