Madini ya bahari kuu: tuwaachie jongoo bahari tope lao?

Mjukuu wa Ujiji: Wadau, dunia inabishana kama kampuni ziruhusiwe kuzoa vinundu vya nikeli na kobalti kwenye sakafu ya Pasifiki, mita 4,000 hadi 6,000 chini. Mimi nakataa. Hapo ndipo jongoo bahari, wale wanyama laini wenye umbo la tango, wanapochunga: wanameza tope, wanachuja mabaki yaliyodondoka kutoka juu, wanalitoa limegeuzwa. Kwenye mahandaki ya bahari wanapatikana hata zaidi ya mita 10,000. Kilindi kisicho na wa kuligeuza tope lake tunakijua: chini ya Ziwa Tanganyika ni maiti.

Usiku Kibirizi: Maiti? Dogo, nimekesha humo miaka 19, toka karabai mpaka hizi taa za sola. Dagaa na migebuka iliyokusomesha ilitoka kwa maiti?

Mnyamwezi Isevya: Tulia kaka, kasema chini. Ziwa lina kama mita 1,470, na upande wenu wa Kigoma hewa inaishia mita mia na kitu.

Usiku Kibirizi: Mtu wa miembeni Tabora anipimie ziwa?

Mwl. Mama Neema: Jamani. Mjukuu, hapo umekosea. Jongoo bahari, kama kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota), haishi nje ya maji ya chumvi. Ziwa letu limekosa hewa chini kwa sababu maji ya juu yana joto, ni mepesi, hayazami. Baharini maji ya baridi kali kutoka ncha za dunia huzama na hewa yake, ndiyo maana kule kuna uhai.

Mjukuu wa Ujiji: Nimepokea, mwalimu. Ila mitambo ikilikwangua tope lile, wale wanyama watakula nini?

Usiku Kibirizi: Futa kwanza neno maiti.

Binti Mafia: Mimi nimekulia pwani. Niliwahi kumshika jongoo bahari mmoja, akanirushia nyuzi nyeupe zikaganda vidoleni kama utomvu wa fenesi. Wafanyabiashara waliwakausha, wakawasafirisha China, hadi Tanzania Bara ikapiga marufuku kuwavuna. Na hao ni wa maji ya kiunoni, tunaowaona kwa macho!

Mjukuu wa Ujiji: Mzee wangu, nimelifuta. Samahani.

Usiku Kibirizi: Haya. Sisi 2024 tulifungiwa ziwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Nyavu zangu zilining'inia ukutani, watoto wanakula maharage. Hao wenye mitambo nani atawafungia?

Mnyamwezi Isevya: Hata huku fungu la dagaa lilikuwa kiganja tu.

Usiku Kibirizi: Sasa ndiyo umeongea. Mlikuwa mnauziwa bei gani?