Shamba la ng'ombe 800 limekuja jirani, wanataka kukodi ekari zangu 2: nikubali?

MamaMrembo (Rongai, Nakuru):
Hamjambo wafugaji wenzangu. Naombeni ushauri kabla sijatia sahihi. Mwaka jana shamba kubwa la maziwa lilifunguliwa ng'ambo ya ua wangu. Wanasema ng'ombe wamefika 800. Mimi nina 3 kwenye ekari 3, na mmoja wao, Mrembo, ndiye maziwa yake yanalipa karo ya watoto. Meneja wao amekuja mara mbili: wanataka ekari 2 kwa miaka 5 wapande mahindi ya saileji (chakula cha ng'ombe kinachokatwa na kuhifadhiwa). Pesa ni nzuri, na shemeji ananisukuma nikubali.

Kinachonizuia ni kisima. Tumekinywea tangu mama mkwe akiwa hai. Mvua ya Aprili ilipopiga, bwawa lao la samadi lilijaa hadi ukingoni. Wiki hiyohiyo nikavuta ndoo, nikaona povu la kahawia na harufu ya zizi. Nilimwaga. Sasa nanunua maji ya mkokoteni. Lakini haki yao niwape: wameajiri vijana wa hapa, na barabara wameimwagia murram.

Nepia_Njoro:
Dada, piga hesabu ya chakula kwanza. Ng'ombe mmoja wa gredi hula karibu kilo 70 za majani mabichi ya nepia kwa siku. Ekari 1 itawalisha 3? Utaishia kununua majani kila wiki, na pesa ya kukodisha itaishia hapohapo. Halafu, hati ya shamba ina jina la nani? Shamba la kilimo halikodishwi hivihivi, lazima bodi ya ardhi iidhinishe, la sivyo mkataba ni bure.

FundiMaabara (Kisumu):
Mama, harufu pekee haitasimama mbele ya ofisa. Omba maabara chupa iliyosafishwa, iweke kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo. Pima vijidudu vya kinyesi na nitrati (kemikali inayotoka kwenye samadi na mbolea); kiwango cha juu cha nitrati cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 50 kwa lita. Tafadhali, mtoto mchanga asipewe maji hayo hata yakichemshwa: moto unaua vijidudu, nitrati inabaki. Kule Kewaunee, jimbo la Wisconsin, Marekani, ng'ombe wengi na miamba yenye nyufa vimewaharibia watu visima. Ila nijibu hili: choo chako kiko umbali gani na kisima?

Wakili_wa_Kijijini:
Nenda NEMA, mamlaka ya mazingira, ofisi ya Nakuru, uulizie ripoti ya athari za mazingira ya shamba hilo. Nenda na majirani, mtu mmoja huzungushwa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba umepata hasara.

MamaMrembo:
Asanteni sana. Choo kiko hatua 60, upande wa chini. Hati bado ina jina la marehemu mama mkwe. Sikuwa nimelifikiria hilo, na sasa naona kwa nini shemeji ana haraka. Sitii sahihi. Nimeshaongea na nyumba nne za huku, mbili kati yao visima vyao pia vinanuka. Kesho alfajiri tunapanda matatu pamoja na chupa zetu.