Nimechomelea PPR mwenyewe: maji ya moto yanatoka kidogo na elbo ya sinki inavuja

Mjenzi_Mpya
Wakuu habari. Nimebadilisha bomba la maji ya moto kutoka kwenye hita ya tangi hadi shawa na sinki. Nimetumia PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa) ya milimita 20 aina ya PN20, yaani daraja lake la presha, kama mita 6, elbo tano, tii moja (kiungo cha njia tatu), na mwishoni elbo mbili zenye thredi ya shaba ya nusu inchi. Mashine ya kuchomelea ilikuwa kwenye nyuzi 260 na kila kiungo nimekipa sekunde 10 hivi ili kishike vizuri. Kimoja, kile cha nyuma ya hita, nilikichomelea maji yakiwa bado yanachuruzika kidogo kwa sababu valvu kuu haifungi sawasawa.

Sasa maji baridi yako vizuri kabisa, ila ya moto yanatoka kamba nyembamba, kwenye shawa ndiyo mabaya zaidi. Pili, elbo ya sinki inatoa tone moja kila baada ya dakika kama mbili. Pale nilizungusha tepu ya kuzibia thredi, nikakaza kwa nguvu, kisha nikarudisha nyuma robo mzunguko ili koki isimame wima. Ukuta bado uko wazi, sijapiga lipu. Nianzie wapi?

Fundi_Viungo
Afadhali hujaziba ukuta. Usizibe.

Jibu la maji kidogo umeliandika mwenyewe: sekunde 10. PPR ya milimita 20 inataka sekunde 5 tu kwenye nyuzi 260. Ya 25 inataka 7, ya 32 inataka 8. Ukizidisha, plastiki inayeyuka hadi ndani, na ukisukuma bomba kwenye fitingi (elbo, tii na kadhalika) ule uji hauna pa kwenda isipokuwa kwenye njia ya maji. Unaganda pale kama pete. Kwa nje kiungo kinapendeza, kina ukingo mnene uliozunguka vizuri, na ndiyo maana kosa hili linawaponyoka watu wengi. Ukingo wa nje haukuambii chochote kuhusu ndani.

Piga hesabu kidogo. PN20 ya milimita 20 ina ukuta wa 3.4, kwa hiyo tundu lake ni milimita 13.2. Pete ya milimita 2 kuzunguka inakuachia 9.2, yaani chini ya nusu ya eneo la awali. Na una viungo zaidi ya kumi vya namna hiyo kwenye laini moja. Shawa iko mwisho wa laini, ndiyo maana inaumia kuliko sinki.

Ila kabla ya kushika mkasi, hakikisha si kitu kidogo. Fungua kichujio cha mdomo wa koki na kichwa cha shawa, utazame kama kuna vumbi la plastiki. Ukikata PPR kwa msumeno, yale machicha hukusanyika hapo. Kisha zima umeme wa hita, si kwa swichi ya ukutani peke yake bali kwenye sakiti breka, subiri maji yapoe, funga maji yanayoingia, fungua hosi ya kutokea maji ya moto na uielekeze kwenye ndoo ya lita 10. Rudisha maji, hesabu sekunde hadi ndoo ijae. Fanya hivyo hivyo kwenye shawa ukiwa umeondoa kichwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayopotea kwenye bomba lako. Ikiwa hata hapo kwenye hita yanatoka kidogo, tatizo si viungo, angalia valvu ya kuingizia.

Spana_na_Tepu
Mimi niseme kuhusu hilo tone.

Thredi ya namna hiyo inaziba kwa kubanwa, tepu inajaza nafasi iliyobaki. Ukishakaza halafu ukarudisha nyuma, tepu iliyokuwa imekandamizwa inabaki na njia nyembamba na haijifungi tena. Sheria ni moja: koki ikipita wima, usirudi, fungua yote uanze upya, au endelea mbele hadi wima inayofuata ikiwa bado kuna nafasi.

Lakini kwanza ujue maji yanatokea wapi. Futa elbo kwa kitambaa kikavu, kisha zungushia karatasi laini ya chooni kipande kimoja kwenye ungio la shaba na koki, na kingine mahali shaba inapoingia kwenye plastiki. Subiri dakika tano. Karatasi ya kwanza ikilowa ndiyo thredi, utarekebisha kwa tepu. Ya pili ikilowa, elbo yenyewe imekufa: umekaza hadi ile shaba imezunguka ndani ya plastiki au plastiki imepata ufa mwembamba kama unywele. Hapo hakuna tepu wala gundi itakayosaidia, unaikata.

Kama ni thredi tu: toa tepu ya zamani yote kwa brashi ya waya. Elekeza thredi usoni kwako, zungusha tepu kufuata mishale ya saa, ukiivuta ili izame kwenye meno, na uache jino la kwanza bila tepu ili lisikwame wakati wa kuingiza. Tepu nyembamba ya kawaida inataka raundi 8 hadi 12 kwa nusu inchi, ile nene ni 4 au 5. Ingiza kwa mkono hadi igome, kisha spana mzunguko mmoja, ikizidi sana mmoja na nusu. Wakati wa kukaza, shika elbo kwa spana ya pili, usiiachie plastiki ibebe nguvu yote.

Na hosi yenye ringi ya mpira haitaki tepu kabisa. Pale mpira ndio unaoziba. Tepu inaizuia nati isifike mwisho, mpira haubanwi, na hosi inavuja.

Fundi_Viungo
Nimesahau kile kiungo kilicholoa. Hicho kikate hata kama hakivuji leo. Tone likigusa plastiki ya nyuzi 260 linageuka mvuke na kuacha vitundu kwenye mshono. Maji ya moto yakipita na kupoa kila siku vile vitundu vinaungana. Badilisha kwanza valvu kuu. Usipoweza, fungua koki iliyo chini kuliko zote ili maji yatoroke huko, kausha bomba kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, na uchomelee ukiwa na uhakika halijarudi tone.

Utaratibu wa kila kiungo kipya: kata kwa mkasi wa bomba, mkato uwe mraba. Piga alama milimita 14 kutoka mwisho wa bomba. Futa bomba na fitingi kwa spiriti. Sukuma vyote viwili kwenye mashine kwa pamoja, na sekunde 5 zianze kuhesabiwa vikishafika mwisho, si vinapoanza kuingia. Toa, unganisha ndani ya sekunde 4, simama kwenye alama. Usizungushe. Unaweza kunyoosha pembe kidogo sana katika sekunde moja ya kwanza, baada ya hapo shikilia tu, na uache dakika 2 kabla ya kugusa.

Paa_na_Ukuta
Angalia pia kama bomba lako lina tabaka la alumini juu. Kama lipo, lazima lichongwe kwa kifaa chake mahali pa kuchomelea, la sivyo unachomelea alumini na itachomoka.

Kama ni PPR tupu isiyo na tabaka lolote, ukumbuke inarefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mita 3 zilizonyooka, maji yakitoka nyuzi 20 hadi 60, ni milimita 18. Ivalishe sponji ya bomba kabla ya lipu, hasa kwenye kona, ipate pa kusogea.

Kupima: saa moja baada ya kiungo cha mwisho, tenga hita kwanza kwa kuziba ncha, maana valvu yake ya usalama itafunguka kabla hujafika. Pandisha presha kwa pampu ya mkono hadi mara 1.5 ya presha ya kazi. Itashuka mwanzoni kwa sababu plastiki inatanuka, usiogope, ipandishe tena baada ya dakika 10, na tena baada ya 10 nyingine. Kisha iache nusu saa. Ikishuka zaidi ya baa 0.6 (baa ni kipimo cha presha), kuna mahali panavuja.

Mjenzi_Mpya
Asanteni sana. Kichujio kilikuwa na machicha kidogo, nimesafisha, mabadiliko ni madogo. Kwenye hita ndoo inajaa sekunde 55, kwenye shawa dakika 2 na sekunde 40. Karatasi iliyolowa ni ya kwenye thredi. Je, nikate viungo vyote?

Fundi_Viungo
Kwa namba hizo, ndiyo, laini yote. Mkuu, najua inauma, lakini ukibadilisha elbo mbili tatu, zilizobaki zitaendelea kubana. Tena kukata kipandekipande kunakuongezea soketi (kiungo kinachounganisha bomba mbili zilizonyooka), na kila soketi ni viungo viwili zaidi. Mita 6 mpya zitakutoka haraka kuliko viraka. Ukitaka kujiridhisha, kata elbo ya kwanza baada ya tii, sentimita 3 kutoka kwenye fitingi, umulike ndani kwa tochi.

Jambo la mwisho linalowakwamisha wengi: kiungo cha kufungia. Bomba linahitaji kurudi nyuma milimita 14 ili litoke kwenye mashine na kuingia kwenye fitingi, na ndani ya ukuta halina pa kurudi. Watu wanalilazimisha, linaingia nusu, sekunde 4 zinapita. Ama ongeza mfereji wa ukutani kama sentimita 40 kila upande ili bomba lipinde, ama panga kiungo hicho kiwe karibu na hita, nje ya ukuta, uweke yunioni (kiungo cha nati kinachofungwa na kufunguliwa bila kuchomelea).

Na usiwashe umeme wa hita hadi koki ya moto itoe maji mfululizo bila kukohoa hewa. Tangi likiwa halijajaa, kipasha joto kinaungua.