Majirani wa Tukwila, mji ulio kusini mwa Seattle, Marekani: nyumba karibu na kituo

Mama Neema: Shikamoo Mzee Salum, na habari za jioni majirani. Shangazi yangu anahamia huku mwezi ujao na hana gari. Amepata nyumba karibu na maktaba, pale mtaa wa 144. Naomba mniambie bila kunificha kama ataweza kuishi hapo kwa kutegemea kituo cha treni cha Tukwila International Boulevard.

Mzee Salum: Marahaba, mwanangu. Ataweza. Kituo hicho kilifunguliwa Julai 2009, na reli upande wa kusini iliishia hapo mpaka Desemba, kilipofunguliwa cha uwanja wa ndege. Treni ikitoka pale kuelekea kaskazini hupita juu ya barabara kuu na mto Duwamish, haisimami mpaka kituo cha Rainier Beach, kisha huendelea hadi katikati ya Seattle na kufika Lynnwood. Jukwaa liko juu sana, ila kuna lifti na ngazi za umeme.

Papa Furaha: Mzee amesema kweli, lakini tuizungumzie na njia ya kufika kituoni. Kutoka maktaba ni kama kilomita moja, kando ya barabara pana iliyojengwa kwa ajili ya magari. Kituoni kuna maegesho ya magari yapata 600, kwa hiyo mwenye gari alifikiriwa. Anayetembea usiku wa mvua, maji ya barabarani yakimrukia mpaka magotini, hakufikiriwa vya kutosha, na jambo hilo linaniuma. Ndugu zetu kutoka Kongo na Angola waliopokelewa na kanisa la Riverton Park wengi wao walifika hawana gari, na njia yao ni hiyo hiyo.

Mama Rehema: Usiku apande basi namba 124, ambalo hupita barabara hiyo hiyo na kumshusha kituoni. Hapo atapata pia basi la F la kwenda Burien au Renton kupitia eneo la maduka la Southcenter, na la A linaloshuka hadi Federal Way. Nauli ya treni kwa mtu mzima ni dola 3 popote aendapo. Mwenye kipato kidogo akiomba kadi ya nauli nafuu iitwayo ORCA LIFT atalipa dola 1, na watoto hadi miaka 18 hawalipi. Aguse kadi kwenye mashine kabla ya kupanda treni. Akishuka hana haja ya kugusa tena.

Mama Neema: Asanteni sana. Basi nitamwambia aichukue nyumba, na hiyo kadi tutaishughulikia kabla hajahama. Papa Furaha, akifika nitakuomba utembee naye mchana hadi kituoni, umwonyeshe mahali pa kuvukia palipo na taa.

Papa Furaha: Bila shaka, Mama. Jumamosi yoyote baada ya saa nne asubuhi nitakuwa na nafasi. Na barua ya kuiomba halmashauri ya jiji iongeze taa na vivuko kati ya mtaa wa 144 na kituo, nitaiandika wiki hii niilete hapa muisome kabla hatujatia saini.