Mrejesho: kupitisha nyaya za mota kwenye bodi ya nyambizi ndogo

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza jinsi ya kuzuia maji pale nyaya za mota sita zinapoingia kwenye kifuniko cha alumini (nyambizi haibebi mtu). Nilifuata ushauri: mota zikae nje, upite waya tu, si shafti (mhimili unaozunguka). Oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) iko upande wa nje wa kifuniko ili maji yaikandamize, na grisi ya silikoni kidogo. Jaribio la kunyonya hewa lilishika dakika 15. Ila kwenye kina cha mita 10, yaani shinikizo la bar 1 ya ziada, nyaya mbili zilivujisha: maji yalipita ndani ya ganda la waya, katikati ya nyuzi. Nimechuna ganda, nikaacha sentimita 1 ya shaba wazi, nikajaza risasi ya kulehemu, kisha epoksi (gundi ngumu), nikaiacha ikauke saa 24. Mmoja umepona. Wa pili bado unatoa unyevu. Epoksi haikushika plastiki ambayo sikuikwaruza kwa msasa.