Mrejesho: Mwalimu wa binafsi wa rangi za maji

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kumlipa mwalimu wa kunifundisha kuchora mandhari kwa rangi za maji, au niendelee na video za intaneti. Wengi mlisema nimtafute mwalimu, nami nimempata hapa Tanga.

Faida kubwa nimeiona kwenye anga. Karatasi hulowanishwa kwa maji safi, kisha husubiriwa hadi mng'ao wa maji uanze kufifia, ndipo bluu inapowekwa. Ikiwahi husambaa ovyo, na ikichelewa huacha kingo ngumu. Unyevu wa hewa ya pwani huirefusha subira hiyo, kwa hiyo dakika zinazotajwa kwenye video hazinifai, ilhali mwalimu huuinua ubao usawa wa macho, akautazama mng'ao kwa pembeni na kuniambia, "Bado, mwanangu." Mawingu hatuyapaki rangi kabisa, kwani weupe wake ni karatasi yenyewe iliyoachwa.

Kwa milima ya Usambara tunachanganya bluu ya ultramarini, yaani bluu iliyokolea, na sienna iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, tukipata kijivu kinachozidishiwa maji na bluu kadiri mlima unavyokuwa mbali.

Karatasi msiionee ubahili: ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, huvumilia maji mengi, ilhali nyembamba hujikunja. Kuhusu malipo, kubalianeni mapema kama vifaa vimo ndani ya ada.

Nawashukuru kwa dhati. Sasa tunaanza mikoko, ambayo kijani chake bado kinanisumbua.